Kanga Juu ya Tangi la Samaki

Siku baba alipozikwa, shangazi aliingia chumbani kwa mama, akatoa shuka kwenye begi lake na kufunika kioo cha kabati la nguo. Hakumwomba mtu ruhusa. Kwetu mjane akiwa eda hajitazami kwenye kioo. Hajipambi, hatoki ovyo, anakaa ndani miezi minne na siku kumi, na ndugu wa karibu wanakaa naye. Shangazi, dada pekee wa marehemu baba, alifunga chumba chake cha kupanga kule Buguruni akahamia kwetu Kariakoo na begi moja na mswala. Mimi ni mtoto wa pekee wa baba na mama. Nauza vitambaa vya mapazia mtaa wa pili kutoka nyumbani, na ulimi wangu wanaonijua wanaujua.

Mama aliacha kula. Hakutangaza kwamba ameacha. Ukimpelekea wali anasema, "Weka hapo, mwanangu," na ukirudi unaukuta hapo hapo, umekauka juu. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi sikuuliza, nilipika na kupeleka, na uji ulirudi na utando wake. Mkono uliofanikiwa ni wa shangazi tu. Alikaa naye mkekani, akamega tonge, akasema, "Wifi, hili moja tu, la mwisho." La mwisho likafuatwa na la mwisho jingine, matonge manne, matano, basi. Ilipofika wiki ya tatu, kifundo cha mkono wa mama nilikuwa nakizungushia vidole viwili vikakutana. Niliogopa kwamba nitazika wawili ndani ya mwaka mmoja. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Tukampeleka zahanati. Kwenye chumba cha kusubiri palikuwa na tangi la kioo lenye samaki na majani mabichi yanayoota humo humo majini. Tulikaa pale muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona mama akifuata kitu kwa macho. Samaki akienda kushoto, macho yanaenda kushoto. Akijificha kwenye majani, mama anasubiri atoke. Daktari alitupa dawa za kuongeza hamu ya kula, lakini mimi dawa nilikuwa nimeshaiona kule tulikosubiri.

Nyuma ya mtaa wetu wa vitambaa kuna uchochoro, na ndani yake mwanamume mmoja wa makamo anauza samaki wa mapambo. Mtu wa maneno mengi huyo. Nikamwambia nataka tangi lenye majani na samaki, leo, nikae nalo jioni na mama.

"Leo?" akacheka. "Dada yangu, unafuga samaki au unanunua kuku wa kuchinja?"

Akanieleza. Unaosha mchanga kwanza mpaka maji yake yawe meupe, bila sabuni. Unapanda majani, unaweka taa, unawasha pampu ya hewa, halafu unasubiri wiki tatu maji yazoee. Samaki ndio wa mwisho. Ule mmea wa majani mapana unaufunga kwenye jiwe kwa uzi, shina lake halifukiwi mchangani, ukilifukia linaoza. Nyuma ya tangi unabandika karatasi nyeusi, majani yapendeze. Wiki tatu! Mimi na subira hatujawahi kuelewana. Lakini nilibeba tangi nikalipakia kwenye mkokoteni, nikatembea pembeni yake nimelishika kama maiti isianguke, nikimfokea kila mtu aliyekatiza mbele yetu.

Mchanga niliuosha uani ndoo kumi na moja, mgongo ukaniuma siku mbili. Maji ya bomba siku hiyo hayakutoka, nikanunua madumu kwa muuza maji, nikalijaza tangi chumbani kwa mama. Majani niliyapanda kwa vidole, yale marefu membamba nyuma, mafupi mbele. Nikajisifu. Siku ya nne yote yalikuwa ya kahawia. Nikarudi uchochoroni nimekunja uso, tayari kugombana.

"Maji uliyaonja?" akaniuliza yule bwana.

"Nionje maji ya samaki nina wazimu?"

"Kaonje."

Nikaenda kuchovya kidole. Chumvi tupu! Maji ya kisima, na mimi niliyezaliwa Kariakoo, ninayejua tangu utoto kwamba ya kisima ni ya kufulia na ya bomba ndiyo ya kunywa, nimeyamimina kwenye majani ya maji baridi kama mgeni aliyeshuka jana stendi. Nikamwaga yote, nikaanza upya. Safari hii nikakinga ya bomba yalipotoka, nikayaacha kwenye ndoo wazi siku mbili, dawa wanayotia ipotee. Mama alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukiegemea kitanda, akinitazama nikipanda kwa mara ya pili. Akasema, "Hilo limelala." Nikalisimamisha. Maneno mawili tu, lakini nilikwenda jikoni nikalia.

Samaki sita waliingia tangini kabla ya wiki tatu kutimia, maana mimi ni mimi. Walikuwa wadogo, wa kung'aa, mikia kama vitambaa vyangu vya hariri. Siku hiyo mama alikula matonge saba. Shangazi alihesabu kwa sauti.

Kisha shangazi akasimama mbele ya tangi, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Na hiki si kioo?" akauliza. "Ona, najiona mpaka ushungi."

"Shangazi, hiki ni cha samaki."

"Kioo ni kioo, mwanangu."

Nikamwambia aache mambo ya kizamani, hayo ya vioo ni mila tu, hakuna aya. Alikwenda kukosha vyombo.

Baada ya siku chache nikarudi kutoka dukani nikakuta kanga imetupwa juu ya tangi, imelifunika mpaka chini. Nikaitoa, nikaikunja. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Nikiondoka asubuhi naacha taa inawaka na majani yamesimama. Nikirudi alasiri tangi limevaa kanga, ndani giza. Majani bila mwanga hayaishi, hilo hata mtoto anajua. Yakaanza kupata manjano, kisha yakalainika, yakawa ute. Maji yakatoa harufu. Samaki mmoja akaelea tumbo juu, wa pili, wa tatu. Na mama akarudi kwenye matonge manne.

Siku ya samaki wa nne nikamfuata shangazi jikoni. Alikuwa anakuna nazi.

"Shangazi, nani anafunika lile tangi?"

Mbuzi ikanyamaza. Akatazama sahani ya nazi, akanitazama mimi. "Mimi," akasema.

Mtume! Nilivyofoka siku ile. Nilimwambia anamuua mama yangu kwa ushirikina. Nilimwambia kwamba ile ilikuwa nyumba ya kaka yake, si yake, na kaka hayupo. Nilisema alikuja kutusaidia, kumbe alikuja kututawala. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku hiyo ulivunja. Dirisha la jikoni na la mama yanatazama ua mmoja, kila neno lilimfika. Shangazi alinawa mikono, akakunja mswala wake, akachukua begi. Alipita chumbani kwa mama, akamshika bega, akatoka. Mama hakusema kitu, na mimi nikasema moyoni, afadhali.

Siku mbili mama hakutia kitu mdomoni zaidi ya maji. Nilikaa mkekani nikamega tonge kama shangazi, nikasema, "La mwisho, mama." Alifumba mdomo, akageuza uso, kwa upole, kama unavyomkatalia muuza karanga.

Siku ya tatu nilifunga duka mapema nikarudi nyumbani. Kanga ilikuwa juu ya tangi.

Nilisimama pale mlangoni. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Shangazi alikuwa Buguruni. Mama alikuwa mkekani, mikono mapajani.

"Mama," nikasema. "Ni wewe."

"Ni mimi, mwanangu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Tangu mwanzo."

Nikakaa chini. Nilimuuliza kwa nini. Akasema samaki anawapenda. Majani anayapenda. Lakini umeme ukikatika, majani yanapotea, kioo kinakuwa cheusi, na anachokiona ndani yake ni kitanda kilichoko nyuma yake. "Kitanda chote," akasema. "Na upande wa baba yako umetandikwa." Akawa anakifunika kabla umeme haujakatika, asije akakiona ghafla. Kuniambia alishindwa. "Uliosha mchanga mpaka mgongo ukauma. Ningekwambiaje?"

"Na shangazi?"

"Wifi yangu alinikuta nafunika. Hakuniuliza kitu."

Ile karatasi nyeusi nyuma ya tangi, iliyoligeuza kioo, niliibandika kwa mikono yangu. Nikaibandua pale pale, ikachanika vipande, nikashika njia kwenda Buguruni.

Shangazi alikuwa amekaa kizingitini pa chumba chake, anachambua mchele. Nikamwamkia. "Shikamoo, shangazi." Akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikapiga magoti pale kwenye varanda, wapangaji wenzake wanapita na ndoo zao, nikamwomba msamaha mbele yao. Nilimwambia nimejua.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" nikamuuliza.

Akaendelea kuokota mawe kwenye ungo. "Ulikuja jikoni unatafuta mtu wa kumpiga," akasema. "Mama yako asingelibeba lile pigo. Amebaki mifupa."

"Na wewe ungelibeba?"

Hapo mkono ukasimama. "Mimi nilitoka tumbo moja na baba yako, tukanyonya ziwa moja. Tangu tumzike kila anayeingia anampa pole mama yako, anakupa wewe. Mimi napita katikati na sinia la chai." Hakulia. Aliyasema kama mtu anayetaja bei. "Sikudai. Nasema tu, kwa sababu umeuliza."

Nilihesabu nyuma. Siku ya mazishi, siku ya hitima, wiki zile zote. Nilikumbuka nikimwambia lete maji, lete mkeka, mlishe mama. Pole sikukumbuka hata moja. Ningeweza kusema nilikuwa na msiba wangu, na ni kweli nilikuwa nao, lakini mbele ya ule ungo sikuthubutu.

"Pole, shangazi," nikasema. "Pole kwa kufiwa na kaka yako."

Mtu akipewa pole anajibu nimeshapoa, hata kama moyo unawaka, ndiyo adabu yetu. Shangazi alifungua mdomo kujibu hivyo, nikaona kabisa. Kisha akaufunga, akaweka ungo chini.

"Sijapoa, mwanangu," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Tulirudi Kariakoo pamoja kabla ya magharibi. Tulipoingia chumbani, mama alijaribu kusimama, akashindwa, akabaki amenyoosha mikono yote miwili. Shangazi akashuka mkekani. Walishikana muda mrefu, wawili wale. Mimi nilikwenda jikoni nikarudi, nikasimama na sahani ya wali ninayoileta kila siku, nimeiandaa kwa ajili ya mama, nikisubiri shangazi aipokee aanze kumlisha.

Mama akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake. "Wifi," akamuuliza, "umekula?"

"Tangu nitoke hapa sijakaa nikala."

Mama akanyoosha mkono kwangu, akachukua ile sahani mwenyewe. Akamega tonge, akalifikisha mdomoni mwa shangazi. Kisha akamega la pili, akala yeye.