Mfalme wa Pembeni na Maji ya Jumanne

Kwanza niseme wazi kwamba sikucheza kamari. Nilifanya majaribio. Nilikuwa mwalimu wa hesabu pale Same, na nilijua neno hilo lina heshima yake.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza tena kuwa na sabuni, huku mashirika ya umma yakipunguza watu na kuwarudisha makwao. Mmoja wa waliorudishwa alikuwa jirani yetu kijijini kwetu Chome, juu milimani. Shirika lake lilikuwa limempeleka kusoma nchi ya baridi, naye akarudi na koti zito na mashine ya kucheza sataranji, ubao wa plastiki wenye taa ndogo nyekundu za kukuonyesha kete yake inataka kwenda wapi. Kijiji kizima waliojua sataranji tulikuwa wawili, yeye na mimi. Kila nilipopanda kumsalimu mama, mashine ilinishinda, na jirani akafurahi kana kwamba ameizaa yeye.

Hilo ningelimeza. Kilichonikaa rohoni ni maji. Kwetu kijito hujaza ndiva, bwawa la udongo la kijiji, na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia mfereji. Siku ya mama iliangukia Jumamosi, na mama ni Msabato asiye na utani. Jumamosi hashiki jembe wala haruhusu mtu amshikie. Basi maji yake yalipita kando ya maharage yake yakaenda kwa jirani, ambaye Jumanne yake alikuwa nayo vilevile. Mama alimwomba wabadilishane siku. Akajibu kwamba atafikiria, na akafikiria misimu miwili mizima. Msimu huo maharage yalianza kujikunja majani, na hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha mama cha mwaka.

Jumapili moja mchana, barazani kwake, nilimchokoza. Nilimwambia mashine yake inajua kuanza mchezo, ila kumaliza haijui. Alicheka mpaka akavua miwani. Tukapatana kwamba nitapanga miisho mitatu ya mchezo, mimi nikiwa na mfalme peke yake, mashine ikiwa na mfalme wake na kete zaidi. Ikishindwa kumfunga mfalme wangu katika mwisho hata mmoja tu kati ya hiyo mitatu, Jumanne ni ya mama. Ikinifunga zote, siku za msaragambo, kijiji kinapotoka kusafisha ndiva, nitachota tope kwa niaba yake.

Mara ya kwanza niliipa malkia. Ilinimaliza chai haijapoa. Mara ya pili niliipa ngome, ikazungukazunguka ovyo nikaanza kutabasamu, kisha ikanisukuma ukingoni na kunifunga. Jirani aliniuliza kwa upole kama nina koleo langu au aniazime.

Niliogopa, sifichi. Ndipo nikamkumbuka karani wa shamba la mkonge aliyenifundisha mchezo huu, na hila moja aliyonionyesha. Niliipa mashine askofu, kete inayokwenda mshazari katika rangi moja tu, na askari mmoja wa pembeni kabisa. Nilihakikisha kona ambayo askari angefika ageuke malkia ni ya rangi asiyoigusa askofu yule. Kisha nikamwingiza mfalme wangu katika kona hiyohiyo, nikatulia.

Jirani alinionea huruma. Mashine ikaja na mfalme, ikaja na askofu, ikarudi, ikaja tena. Kama ingebana zaidi ingeninyima pa kwenda bila kumshambulia mfalme wangu, na hiyo kwa sheria ni sare. Mimi nilitoka hatua moja nikarudi hatua moja. Taa zilipofifia, jirani alisema kosa ni la betri. Akazitoa akazianika juani juu ya jiwe, kama sote tulivyofanya siku zile, tukasubiri. Betri zilirudi na nguvu, mashine ikarudi na ujinga uleule.

Mama alitukuta hapo. Nilimwamkia, jirani naye akasema shikamoo. Mama aliitikia, akautazama ubao.

"Hii ni kamari?"

"Ni majaribio, mama."

"Na majaribio yangekwenda vingine, nani angechota tope?"

Kumbe mke wa jirani alikuwa ameshamweleza yote.

"Maji ya kamari hayaingii shambani kwangu," alisema. Jirani akaanza kupata nafuu usoni. Mama akamgeukia. "Lakini wewe nilikuomba vizuri, ukasema utafikiria. Umefikiria?"

Jirani aliutazama ubao. Taa moja ilikuwa ikimetameta, mashine bado ikitafuta njia ya kuingia konani.

"Nimefikiria, mama. Chukua Jumanne."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Sikurudi Same mpaka Jumanne ile ilipofika. Nilisimama mferejini nikaangalia maji yakiingia katika matuta ya mama, na nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti cha ualimu.

Msaragambo uliofuata, mama alisimama mbele ya kijiji akamshukuru jirani kwa ukarimu wake. Watu walimpigia makofi. Yeye alikuwa ukingoni, koti limefutwa vumbi, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mimi nilikuwa chini ndani ya ndiva, tope magotini, nikichota zamu yake kwa amri ya mama, kwa kosa la kucheza kamari.