Diski Niliyoficha Katika Bunga

Siku ile katika duka dogo la kule Mabanga, mutaa wa Goma, tulikuwa watu wanne. Mimi. Dada mudogo wa bwana yangu, ambaye tangu nilipoolewa ananiita "muke wetu", hata tukiwa tumekasirikiana. Mujukuu wangu, musichana, mutoto wa binti yangu wa pili, mwenye kompyuta. Na fundi, mutu wa makamo, Muislamu, ambaye babu yake alitoka Maniema kufuata biashara akabaki huku. Huyo fundi hakuwa ndugu yetu, lakini tulikuwa hatujakaa hata vizuri tukajua kwamba baba yake alipakia maharagwe mara nyingi katika lori la bwana yangu. Goma ni hivyo. Tumekimbia pamoja mara nyingi sana, kamba ya kutufunga haikosi.

Majina yao wote niko nayo. Niko nayo hata ya wale tuliolala nao chini ya plastiki kule kambini Lac Vert, mutu kwa mutu, pamoja na watoto wao, na mbuzi moja aliyekuwa na jina. Lakini mujukuu ameniambia: Koko, bibi yangu, andika bila majina, wengine wangali kule. Nimekubali, ijapokuwa inaniuma. Mimi nilifika mwaka wa tatu wa shule ya msingi tu. Majina ya watu ndiyo yalikuwa kitabu changu.

Kilichotupeleka kwa fundi ni sauti ya bwana yangu. Mwaka mumoja kabla hajafariki, mujukuu alimukalisha uani kwetu Kibati, akamushika sauti na sura wakati anaongea habari za barabara. Aliweka yote katika diski, kile kiboksi cheusi chenye upana wa kiganja, kinachofungwa kwa waya kwenye kompyuta. Hapakuwa na mahali pengine. Muzee alikuwa mule peke yake.

Na mimi sauti yake ilikuwa imenitoka. Nilijua hivyo asubuhi moja nikifua nguo. Nilitaka kumusikia akisema "Funga mulango", neno aliloniambia kila jioni aliyolala nyumbani, miaka arobaini. Maneno yakaja, sauti haikuja. Nilimuona midomo inacheza tu, kama samaki ndani ya maji. Nikaacha nguo katika beseni, nikakaa chini mpaka povu likaisha.

Nikamuuliza dada yake. Akasema: "Kaka yangu alikuwa na sauti nyembamba."

"Nyembamba? Mutu aliyekuwa anaita wapakizi toka ngambo ya soko?"

"Wewe ulimukuta amekwisha kuwa mukubwa, muke wetu. Mimi nilikua naye."

Wiki nzima tulibishana hivyo, na kila tulipobishana, ile kidogo iliyonibakia ilizidi kufifia. Ndiyo maana diski ilipokataa kufunguka, niliona nimefiwa mara ya pili.

Lazima niseme ukweli wa ile diski. Vita vilipotukuta Kibati, mujukuu alikuwa masomoni Butembo, na diski alikuwa ameniachia mimi. Kila mama wa huku anajua: siku ya kukimbia, kitu cha thamani kinaingia katika chakula. Kwenye vizuizi wanapekua mizigo, wanachukua simu, wanachukua redio, lakini nani atazamisha mukono hadi kiwiko katika bunga ya mujane? Mama yangu alificha mukufu wake hivyo. Nami nikamufunga muzee katika kitambaa cha kichwa, nikamusukuma katikati ya mufuko wa bunga ya muhogo, nikajitwisha.

Njia ile yote nilitembea kama mutu aliye usingizini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Watu walikuwa wengi kama maji, na maji yale hayakuwa na sauti, ni nyayo tu juu ya mawe meusi. Kichwani kwangu bwana yangu alikuwa amelala kimya, mweupe. Nilijiambia, leo mimi ndiye lori.

Alikaa mule wiki nyingi. Mvua ilipiga plastiki, unyevu ukaingia kila mahali. Kila jioni nilichota bunga ya kupika kandokando, taratibu, kama mutu anayefagia pembeni ya kitanda cha aliyelala. Tulipopata nyumba mujini nilimutoa, nikamupangusa vizuri na nguo kavu, sikumwambia mutu alikolala.

Mujukuu aliporudi, aliichomeka. Taa ndogo ya bluu ikawaka. "Imekuja," akasema. Halafu: "Imeenda." Akabadilisha waya, ikaja, ikaenda. Akahamisha kwenye tundu lingine la kompyuta, akazima kompyuta, akaiwasha tena.

"Ni yeye kabisa," dada ya muzee akasema. "Kaka yangu alikaa lini nyumbani siku mbili?"

Mara moja tu picha ilitokea: kofia yake, bega moja, nusu ya ua wetu. Nilinyoosha mukono. Ikafungwa. Mujukuu akaondoa vidole kama aliyegusa moto. "Nikiendelea hivi naweza kuiua kabisa," akasema, na machozi yakamutoka. Ndipo tukaenda Mabanga.

Fundi hakuanza na kompyuta. Alichomeka diski, akaiweka sikioni. "Munyamaze kidogo, bamama." Akanipa nami nisikie. Ndani kulikuwa kunavuma polepole, kama nyuki ndani ya kibuyu.

"Haigongi," akasema. "Ingekuwa inagonga, ningeogopa. Huyu anazunguka vizuri. Ugonjwa uko mahali pengine."

Akatikisa waya kwa kidole kimoja, pale unapoingia. Taa ikazimika. Akaugeuza kidogo, taa ikarudi. Akauchomoa, akachukua lenzi na tochi, akachungulia ule mudomo mudogo wa boksi. Alichungulia kwa muda murefu.

"Mama," akasema, "vumbi la Goma ni jeusi. Miaka mingi ninatoa muchanga wa volkano katika mashini za watu. Hii nyeupe imetoka wapi?"

Mujukuu akamutazama shangazi wa mama yake. Huyo akanitazama mimi. Mimi nikatazama motari, wale wa pikipiki, wanaopita njiani.

"Ni bunga," nikasema.

"Bunga gani, Koko?" mujukuu akauliza.

"Ya muhogo."

Dada ya muzee alicheka mpaka kitambaa kikamuanguka. "Muke wetu! Ulitaka kumukula kaka yangu?"

Mujukuu hakucheka. "Koko, nilikuuliza mara tatu."

"Uliniuliza kama imeanguka. Haikuanguka hata siku moja."

Fundi akaweka lenzi chini. "Usimugombeze mama. Mimi nimekwisha kupokea simu zilizotoka katika maharagwe, katika muchele, nyingine katika chungu cha siagi. Maharagwe hayana shida. Bunga ndiyo inakunywa maji, halafu inakuwa gundi, inakula chuma cha pale mudomoni. Lakini musilie. Kilichoharibika ni boksi. Boksi ni nyumba tu. Mwenyewe yuko ndani, na mwenyewe hajaguswa."

"Utamutoa?" nikauliza.

"Nitamutoa, nimuingize katika nyumba ingine."

Akasema Bismillahi, akashika bisibisi. Dada ya muzee akapiga ishara ya musalaba. Boksi likafunguka, na ndani ya lile jeusi kulikuwa na kitu cha kungaa, safi, kama kioo cha mukononi. Nikainama nikaona uso wangu juu yake. Nilishangaa kwamba nimezeeka kiasi hicho na yeye amebaki laini.

Akamuingiza katika boksi la pili, taa yake ikawaka, majina ya vitu yakajipanga kwenye kioo cha kompyuta, mujukuu akapiga makofi. Yakapotea. Fundi akatikisa kichwa tu. "Hili linategemea umeme wa kompyuta, na kompyuta yenu imechoka. Halishibi." Akaleta la tatu, kubwa kidogo, lenye waya wake wa umeme, akaufunga kwenye betri ya duka kwa sababu umeme wa muji siku hiyo ulikuwa unapanda na kushuka.

"Sasa mutu asiguse meza. Na hatumusikilizi kwanza. Kwanza tunanakili yote, tunamuweka mahali pawili. Halafu ndiyo asikilizwe."

Tukakaa. Mustari wa kijani kwenye kompyuta ulijaa polepole kama mutungi chini ya bomba linalotona. Jua la mulangoni lilisogea toka miguu yangu hadi miguu ya wifi yangu. Yeye alihesabu rozari bila sauti. Mimi sikuomba, nilishikilia tu pumzi kila lori lilipopita na meza kutetemeka. Ilikuwa kama tuko wote chini ya ziwa, na juu yetu watu wanaendelea na soko lao.

Mustari ukajaa. Mujukuu akabonyeza.

Kikohozi. Halafu mwanaume akaanza kuongea, na sikumujua. Sauti haikuwa nyembamba wala nene. Ilikuwa na mikwaruzo, iliongea polepole, ikieleza namna ya kupita kabla ya kufika Sake wakati wa matope: usifuate alama ya gurudumu la mwenzako.

"Ni nani huyu?" dada yake akanongona.

Yule mutu akasema, "Subiri," akageukia pembeni: "Wewe mama, huyu mutoto amekula?" Na toka mbali, jikoni, mwanamuke akajibu kwamba mutoto amekula mara mbili na anayeona njaa ni muzee. Mwanaume akacheka.

Pale ndipo aliponiingia. Kwa kile kicheko, kifupi, kinachokatika kama mutu aliyekumbuka kazi. Sauti yote ikafuata nyuma yake, polepole, kama maji yanavyopanda katika nguo kavu. Nikamwambia mujukuu arudishe toka mwanzo, na safari hii kikohozi tu kilitosha. Wifi yangu akanishika mukono, hatukubishana.

Sasa ninamusikiliza kila Jumapili baada ya misa. Lakini sijui tena kama ninachokumbuka ni yeye wa miaka arobaini au ni yeye wa uani siku ile moja. Kwa hiyo ninyi muliopakia maharagwe katika lori lake, mulioketi juu ya magunia yake, mukiona nimekosea sauti yake, au nimekosea hata rangi ya taa, mufike nyumbani munisahihishe. Mukinikuta ninamusikiliza, musubiri amalize, halafu museme.