Alisema Elfu Nane, Nikatoa Nne

Mpaka leo asubuhi jambo hili limekula shilingi milioni moja na elfu themanini na nne. Nilipohesabu mara ya kwanza nilipata milioni moja na elfu themanini kamili, nikashtuka, maana hesabu ya kweli haiji kamili namna hiyo. Nikarudia, nikakuta nimesahau chai na chapati za fundi pale Nyakanazi. Humo kuna plagi nne zilizokuja na basi kutoka Mwanza, betri mpya, kuvutwa mara moja, petroli niliyoichoma bila kwenda popote, na mafundi wawili walionipa majibu yanayopingana. Gari lenyewe si langu. Ni la mdogo wangu.

Kwetu ni watu wa duka. Babu alifika Biharamulo kutoka pwani na mizigo ya nguo, na tangu hapo hakuna aliyeajiriwa isipokuwa huyu wa mwisho, ambaye anapima barabara kwa mikataba. Alilinunua gari hilo Kahama kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza. Mimi ningeuliza haraka ya nini. Yeye aliuliza rangi. Ni jekundu, fupi, limelala chini kama paka anayevizia, na milango yake ya nyuma inafunguka kinyume, kiasi kwamba abiria akishuka watu husimama kuangalia.

Injini yake ndiyo kisa. Haina pistoni zinazopanda na kushuka. Ina vyumba viwili, na ndani ya kila chumba kinazunguka kipande cha chuma chenye pembe tatu, mbavu zake zimevimba kidogo. Mdogo wangu alinichorea kwenye bahasha.

"Hiyo ni sambusa," nikamwambia.

"Haya dada, sambusa. Sasa kwenye kila pembe ya sambusa kuna kipande chembamba kinachosugua ukuta ili moto usivuje. Hicho kinaitwa sili. Hicho kikifa, gari limekufa."

Alikuwa ameitwa Mtwara kwa miezi kumi na minne, na gari alikuwa ananiachia mimi. Asubuhi ya kuondoka, begi likiwa mlangoni, akanipa masharti. Oili niangalie kila nikijaza petroli, maana injini hii inakula oili kwa maumbile yake. Nisiliwashe nikasogeza hatua kumi nikazima. Halafu akaja kwenye kubwa.

"Dada, hili halitaki upole. Likishapata joto sawasawa, kila siku mara moja, kanyaga mafuta mpaka mshale wa mizunguko ufike elfu nane. Usiogope kelele. Lakini likiwa baridi, usithubutu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa petroli ya nani?"

"Ya kwako. Si unalitumia wewe?"

"Basi mara moja kwa mwezi."

"Dada, hili si gunia la maharage."

"Mara mbili kwa mwezi, na nakufulia viti."

Tukaishia mara moja kwa wiki, kila Ijumaa. Alipanda basi akionekana ameridhika, na mimi nilijua maana ya sura hiyo. Ndiyo sura ya mteja aliyekulipa pungufu ya ulivyokusudia. Ilinisumbua siku nzima. Nikaona kuna mahali nimepigwa.

Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza ilipofika nikajirudishia changu. Yeye alisema elfu nane; nikatoa nne. Huku kwetu bei ya kwanza haijawahi kuwa bei. Mtu akikutajia elfu nane ukalipa elfu nane, hata yeye anakudharau. Nne ni mahali pa heshima pa kuanzia, na kwa kuwa injini haikunijibu kitu, nikachukulia tumekubaliana.

Aliyenitia nguvu ni jirani yangu, mzee aliyeendesha malori hadi mpaka wa Rusumo kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Alinisikia siku ile, akaja kusimama getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo kelele ni ya nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba wa mbali.

"Mwanangu, mimi lori langu halikuwahi kufunguliwa injini, na siri ni moja tu. Sikuwahi kulipigisha kelele. Gia kubwa, mguu mwepesi. Na kwenye mteremko unatoa gia, linashuka lenyewe. Kijana anataka kukuchomea mafuta bure."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniingia. Ushauri wake ulikuwa wa bei nafuu kuliko wa mdogo wangu, na mimi nikiwa na bidhaa mbili zinazofanana huchukua ya bei nafuu. Ijumaa nikaziacha. Nikaendesha kama nimebeba trei la mayai.

Ninanunua maharage Kibimba, wilaya ya Ngara, nayauza Nyakanazi. Gari hilo halibebi hata debe, lakini nilikwenda nalo kupatana, kisha mzigo ukafuata kwa Fuso. Nililiacha kwenye lami kwa mama mmoja mwenye mgahawa, nikapanda bodaboda hadi kwa wakulima wangu. Kurudi, miteremko yote natoa gia, nashuka kimya, nikihesabu moyoni matone niliyookoa. Siku za kawaida mjini nililiwasha asubuhi, nikaenda dukani, ambako ningeweza kwenda kwa miguu kabla chai haijapoa, nikalizima. Mshale wa joto ulikuwa haujainuka hata kidogo. Kwa nje niliona gari linatunzwa. Nilipiga picha nikamtumia mwenyewe, akajibu kwa kidole gumba.

Mwezi wa tisa tangu aondoke likaanza kugoma asubuhi. Unapiga stata inazunguka tu, harufu ya petroli inajaa uani, halipokei. Nikanunua betri. Likapokea siku tatu. Mwezi wa kumi na moja nikasimama Nyakanazi kunywa chai nikitoka Kibimba, na nilipotaka kuondoka, likiwa bado la moto, likakataa kabisa.

Nyakanazi haina upungufu wa watu wanaojua magari. Malori ya kila upande yanalala pale, na dereva aliyelala vizuri hana kazi nyingine asubuhi ila ya wenzake. Walikuwa wameshanizunguka kabla sijafungua boneti. Fundi wa malori akaja akifuta mikono, akasikiliza stata mara moja tu, akatoa hukumu.

"Mama, hili limekufa kwa resi. Magari ya vijana haya, wanayapiga kelele mpaka yanachoka."

"Mimi sijalipiga resi hata siku moja."

"Basi kuna mtu analiiba usiku anakupigia."

Watu wakacheka. Akataka laki moja na nusu kuanza kuifungua injini. Nikamuuliza amewahi kufungua ngapi za namna hii. Akasema injini ni injini. Nikamlipa elfu kumi kwa kusikiliza, akaenda zake.

Wa pili alikuwa mtu mfupi, mpole, ambaye alifanya kazi miaka kadhaa kwenye gereji moja Mwanza na aliyajua magari haya kwa sauti. Hakugusa kitu. Aliuliza tu.

"Unalipandisha mpaka wapi?"

"Elfu nne. Lakini siku hizi hata hapo silifikishi. Nalitunza."

"Unakwenda nalo wapi?"

"Nyumbani na dukani. Mara chache Kibimba."

"Mteremko?"

"Natoa gia."

Akatabasamu kwa huruma. Akachomoa plagi moja akanipa mkononi. Ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria la kuni.

"Haya ni masizi. Hii injini inachoma oili kila inapozunguka, na oili inaacha masizi. Ukiipeleka polepole, masizi yanakaa, yanashika zile sili zinakwama, haziinuki kugusa ukuta. Presha inavuja. Ukiipandisha ikiwa na joto, inayachoma na kuyatupa nje. Resi kwa hii ni kama kufagia."

"Kwa hiyo yule aliyesema resi inaua ni mwongo?"

"Si mwongo. Resi ya asubuhi, injini ya baridi, oili haijafika, inaikwangua sili kwenye ukuta mkavu. Hiyo inaua kweli. Na lori la dizeli halina haja na mambo haya. Kila mtu anasema kuhusu gari lake."

Sikuwahi kusikia jawabu la kweli lenye pande mbili likauzwa kwa bei moja. Alitaka elfu themanini. Tukakubaliana hamsini na tano na chai na chapati. Akazikausha plagi, akaagiza nyingine Mwanza, watu wakasukuma, likawaka kwa moshi uliofunika kibanda cha muuza mahindi. Nikalipia mahindi mawili kwa ajili ya amani.

"Sasa nenda nalo mpaka Lusahunga," akasema. "Likipata joto, gia ya tatu, barabara ikiwa tupu, panda mpaka elfu nane, achia, panda tena. Mara kumi."

"Tano."

Akaniangalia. "Mama, mimi sikuuzii hizo kumi. Mwenye nazo ni chuma, na chuma hakishuki bei."

Nilikwenda. Ile ya kwanza nilifumba jicho moja. Mpaka elfu tano gari lilikuwa lile ninalolijua. Baada ya hapo likabadilika, likalia kama cherehani iliyokasirika, mgongo ukanibana kwenye kiti, na kwenye kioo sikuona barabara nyuma yangu ila wingu jeusi. Ya nne wingu likawa la kijivu. Ya saba sikuona kitu. Nilizihesabu kwa sauti, halafu nikawa na shaka na ile ya sita, nikaongeza moja. Niseme kweli: ya nane nilicheka peke yangu. Nilielewa kwa nini mdogo wangu aliuliza rangi tu.

Lilirudi likiwa jingine. Asubuhi linapokea kwa mguso mmoja. Likiwa la moto, linapokea kwa mara ya pili au ya tatu. Hiyo ya pili au ya tatu ndiyo iliyomfanya fundi aje Biharamulo na kipimo chake cha presha. Chumba cha mbele kizima. Cha nyuma kiko chini.

"Inawezekana sili moja bado imekwama," akasema. "Hiyo ukiendelea kupandisha itaachia yenyewe, wiki mbili, tatu. Au imepasuka kona. Hiyo ukiendelea kupandisha itakwangua ukuta, na ukuta haushonwi. Utatafuta injini nzima."

"Utajuaje ni ipi?"

"Kwa kufungua."

Kufungua, pamoja na vifaa vya kuagiza, ni milioni mbili na laki nane. Nilimshusha hadi mbili na nusu, na hapo hakutoka tena.

Juzi mdogo wangu akapiga simu. Mkataba umeisha, anafika Jumamosi, na anakuja na mnunuzi. Ameshalipia nusu ya kiwanja Ngara, nusu nyingine ni gari hili. Asipomaliza mwezi huu, kiwanja kinakwenda kwa mwingine na nusu aliyolipa ana kazi ya kuifukuzia.

"Ulikuwa unalipandisha, dada?"

"Nililipandisha."

"Mpaka wapi?"

"Elfu nne."



"Dada, nilisema kila siku kwa sababu nakujua. Nilitaka mara moja kwa wiki, na ndiyo tuliyofikia. Lakini elfu nane ilikuwa elfu nane."

"Ungesema kumi na sita."

"Mshale wenyewe unaishia tisa!"

Nikamwambia mtandao unakata. Haukuwa unakata. Habari ya chumba cha nyuma sikumwambia.

Nimeuza vitu maisha yangu yote na sijawahi kumtajia mnunuzi kasoro ambayo hakuiuliza. Hiyo ni kazi yake. Lakini huyu si mnunuzi. Kiwanja ni chake na gari ni lake, na kilichoharibika kiliharibikia mkononi mwangu, kwa hesabu zangu. Nitamwambia stendi, kabla hajashika ufunguo, na mnunuzi naye ataambiwa. Kwa hilo sihitaji ushauri.

Ninaouhitaji ni huu. Nina siku nne. Nikilipandisha kila siku likiwa na joto, huenda sili ikaachia na kiwanja kikalipika; na kama imepasuka, nitakuwa nimeua kwa mkono wangu injini ambayo ingeweza kufunguliwa. Nikiliacha lilale, atalikuta lilivyo, na mnunuzi ataondoka na fedha zake. Mwenye kuwahi kukaa na injini ya namna hii, si aliyesikia kwa mwenzake, naomba aniambie: dalili gani inayotenganisha sili iliyokwama na iliyopasuka, bila kufungua? Na kama haipo, wewe ungekanyaga au ungeacha?