Faili za Nyuma ya Dobi

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha rekodi za wagonjwa, katika hospitali moja ya Meru mjini, msimamizi alipompa mtu mwingine kazi niliyoiona kuwa yangu. Hospitali ilitaka kuachana na karatasi. Kila ukurasa wa kila faili ungepigwa skani na kuwekwa kwenye hifadhidata, na kabla ya seva kuagizwa, ilibidi mtu akadirie ni diski ya ukubwa gani ingetosha kwa miaka mitano.

“Huyu atatufanyia hayo makadirio,” msimamizi alisema, akimwonyesha dada mmoja aliyekuwa na miezi mitatu tu kazini. “Wewe utamsaidia akikwama.”

Nimsaidie! Mimi niliyejua faili gani iko rafu gani hata nikifumba macho.

Alikuwa ametoka Mbeere, kule Embu kwenye joto. Akina nyanya kutoka Ruiri wakija dirishani, aliwasalimia kwa Kimbeere chake, lugha ndugu ya Kimeru, nao wakamjibu kwa Kimeru, wakicheka kama wamempata mjukuu. Mimi, mzaliwa wa hapa hapa, waliniuliza tu, “Kadi yangu iko wapi?” Saa ya chai wauguzi walimwekea kiti. Nilifika mahali nikachukia hata vile alivyokunja mikono ya sweta yake.

Jumatatu alikuja mezani kwangu. “Madam, faili zote ziko humu ndani? Hakuna zingine mahali?”

Nilikuwa naandika namba ya mgonjwa. Sikuinua kichwa. “Ni hizo tu.”

Haikuwa kweli. Nyuma ya chumba cha dobi, kunakofuliwa mashuka, kulikuwa na stoo iliyojaa faili za zamani. Nilizihamishia huko mwenyewe mwaka ule paa lilipovuja, na ufunguo ulikuwa kwenye droo yangu.

Wiki hiyo nilimtazama akifanya kazi. Kwenye kila rafu alitoa faili moja kila baada ya hamsini, akahesabu kurasa, akaandika. Alipiga skani kurasa mia moja akaangalia kila picha ina uzito gani kwenye kompyuta. Nilimcheka moyoni. Mbona ahesabu vitu vinavyoonekana kwa macho? Mimi nilikuwa tayari na karatasi yangu kwenye droo: idadi ya faili, pamoja na zile za stoo, mara kurasa, mara ukubwa wa picha. Gigabaiti mia mbili. Nilipanga kuitoa siku ya mkutano, kila mtu aone ni nani anayejua rekodi za hospitali hii.

Alhamisi tukakaa: msimamizi, daktari mkuu, yeye na mimi. Alieleza hesabu yake polepole, akamaliza kwa gigabaiti mia tano.

“Na za stoo?” niliuliza.

“Stoo gani?” msimamizi akashangaa.

Nikaeleza. Nilikuwa nimengoja kuuona uso wa yule dada ukisawijika, lakini aliniangalia tu.

“Hukumwonyesha?” msimamizi akaniuliza.

“Nilisahau.”

Dada yule angeweza kusema kwamba aliniuliza. Aliinama akapanga karatasi zake. “Naomba siku mbili nizihesabu,” alisema. Karatasi yangu nikaiacha ilipokuwa.

Kesho yake tulifungua stoo pamoja. Faili zilikuwa chache kuliko za ndani, lakini nene, za wagonjwa wa miaka mingi, nyingine zikipita kurasa mia. Tulihesabu tukipiga chafya.

“Hukusahau, Madam,” alisema akiwa amenipa mgongo.

“Sikusahau.”

“Ulitaka hii kazi?”

“Sana.”

“Mimi sikuiomba. Ungeniambia tungeifanya wawili.”

Nikatoa mfukoni ile karatasi yangu, niliyoichukua kwenye droo pamoja na ufunguo, nikampa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwenye mwanga. Alisema hesabu ya picha ilikuwa nzuri, kisha akauliza wagonjwa wapya wa kila siku nimewaweka wapi. Na faharasa, ile sehemu inayoisaidia hifadhidata kumpata mgonjwa haraka, nayo si inakula nafasi? Na kumbukumbu za kila badiliko, na nakala ya akiba, na nafasi ya kupumulia ili diski isijae pomoni? Sikuwa nimeviweka popote. Kama ningepewa kazi ile, seva ingejaa kabla ya mwaka wa pili. Hilo liliniuma kuliko kugunduliwa.

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia ukweli. Alinikemea, akaniambia nisirudie. Ripoti ilipotoka, ikiomba gigabaiti mia nane, majina yalikuwa mawili, langu likiwa la kwanza. “Wewe ni mkubwa kwangu,” dada alisema. Nilimshukuru, na hapo hapo nikamwonea wivu tena kwa kuweza kufanya jambo kama hilo bila kujilazimisha.

Siku hizi yeye ndiye mkuu wa kitengo chetu. Kila mwisho wa mwezi naangalia diski imejaa kiasi gani, nalinganisha na makadirio, nampelekea. Anapitisha kidole kwenye safu za namba, anatabasamu.

“Tuko sawa, Madam.”

Narudi mezani kwangu. Huwa naomba Mungu anisamehe, kwa sababu kila mara, kabla sijafungua ile kompyuta, natamani mwezi huu awe amekosea.