Mtende wa Langoni Longido

Saa moja asubuhi, jua la Longido limeshaanza vurugu. Tabea Kaaya amesimama kwenye lango la nyumba ya wageni, mikono kaizungushia vitambaa kujikinga na miiba, anautazama mtende uliokauka majani yote ya nje.

Mumewe Emmanuel, mkulima wa migomba na kahawa huko Akheri, yuko nyuma yake na panga.

"Mama Prisca, niukate tu. Utachipua mtoto pembeni."

"Kwani huu mgomba wa mama yako? Huu una moyo mmoja, pale juu. Ukiukata, umezika."

Tabea, 47, anakuza mitende ya mapambo kwenye kitalu cha kukodi mtaa wa Sakina, Arusha mjini. Mwezi ukiwa mzuri hubakiwa na laki nne. Wateja wake wengi wako Njiro, ambako mvua hufanya nusu ya kazi. Huku ng'ambo ya Mlima Meru ni habari nyingine. Emmanuel anaapa aliwahi kuona mbuzi na mwenyekiti wa kijiji wakigombania kivuli cha nguzo ya umeme, na mbuzi akashinda.

Mtende huu, aliouleta kutoka kitaluni na kuupanda hapa, ni wa majaribio. Ukipona, mwenye nyumba, Rozmin, atampa Tabea bustani nzima. Ukifa, Rozmin ameshanunua mtende wa plastiki. Huo hapo, umeegemezwa ukutani, unang'aa kama bati jipya.

"Wangu haunywi maji wala haulalamiki," anatania Rozmin.

"Na ndege akitaga humo, mama Sahil, utaangua vifaranga vya plastiki."

Kicheko kinakatika Tabea anapopanda ngazi. Katikati ya majani makavu kuna jani changa, limejifunga kama mwavuli. Moyo wa mtende ukioza, anaeleza, jani hilo hung'oka kirahisi.

Analishika. Anavuta kidogo. Anavuta tena, kwa nguvu.

Linagoma.

"Uko hai!" anapiga kelele. "Umechoshwa na safari tu, kama baba Prisca!"

Rozmin haamini. Anapanda mwenyewe, anavuta, anashuka, anakung'uta vumbi kwenye dera lake.

"Haya. Mingine utaleta lini?"

"Safari hii sileti mikubwa iliyodekezwa kule Sakina," anasema Tabea. "Nitaleta miche midogo. Nipe ile kona nyuma ya tanki, iishi hapo kwanza, izoeane na hili jua lenu. Masika ikianza, tunapanda mpaka barabarani."

Emmanuel ameshaweka panga chini. Anauliza jembe liko wapi.