Kibudu Katika Sufuria ya Maombi

Jumamosi, 15 Septemba 1934, Mutomo. Hakuna wingu. Jua kali, na upepo wa vumbi tangu saa mbili asubuhi.

Hirsi Dirie alikuwa mchuuzi wa mbuzi, mtu wa miaka hamsini hivi, asiyesema sana. Akiuza mbuzi mzee, alimfungua mdomo mwenyewe na kumwonyesha mnunuzi pengo la meno. Wenzake walimcheka kwa hilo.

Kwa miaka minne ndiye aliyechinja mbuzi wa maombi ya Klabu ya Ustawi ya soko letu. Kila Septemba klabu iliwaita Wakristo na Waislamu waombe mvua pamoja, kisha wale pamoja. Mkristo alikula nyama iliyochinjwa na Mwislamu bila shida. Mwislamu hakugusa nyama asiyojua imechinjwa na nani. Kwa hiyo kisu kilikuwa cha Hirsi. Baada ya dua alisimama, akasema, "Ni halali," na familia tisa za Waislamu zikaanza kula. Hakuna aliyemwuliza zaidi.

Mwaka ule ukame ulikuwa umemwachia mbuzi sabini, na nyasi hakuna. Alitaka kuwapeleka Kibwezi penye reli, lakini mifugo haikutoka bila kibali. Mwandishi wa vibali alikuwa karani Mwangangi, na Mwangangi huyo huyo ndiye mwenyekiti wa klabu.

Siku hiyo Hirsi alichinja mbuzi wanne wa klabu. Wa tano aliletwa na watu wawili, amefunikwa gunia. Hirsi aliinua gunia. Tumbo lilikuwa limevimba na nzi wamejaa machoni.

"Huyu amekufa," alisema.

"Amechoka tu, mzee," Mwangangi akajibu. "Pitisha kisu."

"Amechoka mpaka miguu imekauka?"

Wabebaji walicheka. Mwangangi hakucheka. "Nimetangaza mbuzi watano. Wageni wa Mbooni wako njiani. Unataka niaibike kwa sababu ya mbuzi mmoja?"

Hirsi alifuta kisu chake, akaenda kutawadha kwa sala ya adhuhuri. Aliporudi, kibudu kilikuwa kimechunwa na kukatwakatwa, vipande vimetiwa sufuriani pamoja na vya wale wanne. Damu nyeusi ilikuwa imeganda kwenye majani kama maini. Harufu ilifika hadi kwenye viti vya wageni. Mama mmoja alijifunika pua kwa leso, akaendelea kuimba.

Mwangangi alimvuta Hirsi kando. "Kibali chako nimekwisha kukiandika. Umebaki muhuri. Sema neno lako la kila mwaka, kisha Jumatatu upite kwangu."

Mchungaji Kiilu aliomba kwa muda mrefu, akimwomba Mungu atupe mikono safi. Mwangangi aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kisha watu wakamgeukia Hirsi. Mbele kabisa alikaa Isnino, mjane, na watoto watatu.

"Ami Hirsi, sema basi. Watoto hawa hawajaonja nyama tangu mwaka jana."

Hirsi alisimama. Aliwatazama watoto.

"Si halali," alisema. "Wanne nimechinja mimi. Wa tano alikuwa kibudu, nao wamemchanganya."

Isnino aliigeuza sahani yake kifudifudi chini. Waislamu wengine wakaanza kunyanyuka.

"Asi!" mtu akapaza sauti nyuma, akishangaa kwa Kikamba. "Njaa yote hii, na bado mnachagua! Haya, fungu lenu tuachieni!"

Watu wakacheka. Mchungaji akamgeukia Mwangangi. "Mwenyekiti, ni kweli?"

"Mchungaji, moto husafisha kila kitu."

Mchungaji alitazama sufuria, akatazama kundi lake lililokuwa tayari limeshika sahani. Akafumba macho, akabariki chakula.

Walikula. Mwangangi aliguguna mfupa mpaka mafuta yakamchuruzika kwenye tai, kisha akatangaza kwamba maombi ya mwaka huo yamefana kuliko yote. Makofi yakapigwa. Hirsi alikuwa ameshaondoka, akijua kwamba Jumatatu hakuna muhuri.

Asubuhi iliyofuata aliingia zizini kabla ya jua kuchomoza. Akawatenga mbuzi kumi na saba ambao miguu yao isingestahimili wiki nyingine bila malisho, akawachinja mmoja baada ya mwingine wangali hai, kisha akamwita Isnino aje na wanawe, waanze kukata nyama ya kukausha.