Ndoo ya Kutemea

Nilipata kazi ya kuonja kahawa nikiwa na miaka ishirini na miwili, na furaha nusura inipasue. Wafanyabiashara binafsi ndio kwanza walikuwa wameruhusiwa kununua kahawa iliyokuwa ikipitia ushirika peke yake, na kila mwezi Arusha mjini ilifunguliwa ofisi mpya inayonuka rangi. Na mimi, mtoto wa mkulima wa chini ya msitu wa Olmotonyi, nilikuwa ndani ya mojawapo nimevaa koti jeupe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vikombe vinapangwa kwenye meza ndefu. Unachota kijiko, unafyonza kwa kelele ambazo nyumbani zingekuletea kofi, unausikiliza ulimi, kisha unatema kwenye ndoo. Msimu ulipochanganya tulionja vikombe arobaini kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka jua linakaribia kuzama. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Mwonjaji mkuu, mzee wa Kichaga asiyejua kusifu, aliniambia siku ya nne kwamba nina ulimi. Nilitembea kwa miguu hadi nilikopanga, Levolosi, nikicheka peke yangu barabarani.

Wiki iliyofuata nikaanza kushtuka usiku. Saa nane kamili naamka nimekaa, moyo unadunda hadi masikioni, na hofu imenishika kwamba nakufa sasa hivi. Nakufa kwa nini, sijui. Dada yangu mkubwa, niliyepanga naye chumba, alikuwa akiwasha taa na kunishika mabega mpaka nitulie. Kunakucha, sina hata homa.

Dada, ambaye alikuwa akiuza mitumba na kuwajua watu wote wabaya wa Arusha, alisema ni kijicho. Wameliona koti. Mama akashuka kutoka nyumbani na wenzake watatu wa kanisani, wakaniombea kwa nguvu hata mpangaji wa chumba cha pili akawa anaitikia amina kupitia ukutani. Niliguswa sana, nikalala na imani, na saa nane nikaamka vilevile. Mama aliporudi na habari hizo, baba akatuma neno moja: mwezi ukiisha sijapata usingizi, nirudi nyumbani, kwani hakuna kazi ya kufa nayo. Baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Zilibaki siku kumi na moja. Kurudi nyumbani maana yake ilikuwa kuolewa kabla ya mvua, nami nilikuwa nimeshaonja mambo mengine. Nikaenda zahanati.

Daktari alikuwa mama mmoja mnene, mwenye mikono ya baridi. Alinipapasa shingo akitafuta uvimbe wa rovu, kwa sababu tezi ikifanya kazi kupita kiasi moyo hukimbia hata umelala. Akanifunua kope kutazama damu, akasikiliza kifua, akauliza kama nina pumu, kama nalala na njaa, maana sukari ikishuka usiku humwamsha mtu kwa jasho na woga. Nilisisimka mno. Kumbe hofu inaweza kutoka shingoni, au tumboni, mahali pa kushikika! Wiki zile zote nilikuwa nikijitafutia dhambi.

"Jioni unakunywa nini?" akauliza.

"Chai ya maziwa."

"Kahawa je?"

Nilicheka. "Daktari, sisi tunalima kahawa. Hatunywi."

Na ni kweli. Nyumbani kahawa ilikuwa ada ya shule na mabati. Kuinywa ingekuwa kama kutafuna mabati.

"Na kazi yako ni ipi?"

"Naonja kahawa."

Akaweka kalamu chini. "Unatema?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Mle ofisini walikuwamo waonjaji wanne, wazee watupu, wawili wao rika la baba. Kwetu upande ule wa Mlima Meru, mate ni ya wazee. Mzee akikubariki anakutemea kidogo viganjani, na mtoto wa kike kutema mbele yao ni kujifanya mzee, au kuwatukana. Kwa hiyo nilikuwa nainama juu ya ndoo, nageuza mgongo, najifanya natema. Nilikuwa nameza, nikamwambia daktari, vikombe arobaini, kila kimoja vijiko vitatu.

"Vijiko mia na ishirini," daktari alisema. "Kila siku. Hata ng'ombe angeamka."

Hakunipa dawa. Aliniambia niteme, basi, kana kwamba kutema ni jambo dogo.

Jumamosi nikapanda nyumbani na kahawa ya shamba letu kwenye bahasha, iliyokaangwa na kusagwa ofisini. Nikamwinamishia baba kichwa kumwamkia, akanigusa utosini. Nikaichemsha kahawa, nikamwekea mbele, nikamwambia yote: kijiko, ndoo, wazee, uongo wangu. Mama alijishughulisha na sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Baba alikuwa amepogoa mibuni tangu ujana wake na hajawahi kuonja. Alikunywa funda moja, uso ukamkunjamana.

"Hiki ndicho Wazungu wanachokivukia bahari?"

"Ndiyo, baba."

"Na hao wazee wanatema?"

"Wote, baba. Asiyetema haonji kikombe cha pili vizuri."

Akakizungusha kikombe, akatazama ndani yake. Nilikuwa naogopa kuliko saa nane ya usiku wowote, na safari hii sababu niliijua. Kisha akachukua funda la pili, akaniambia nifungue viganja. Akanitemea, taratibu, ya moto bado, kahawa ya shamba lake na mate yake pamoja.

"Mungu akupe usingizi," alisema. "Jumatatu tema. Wakikuuliza, waambie baba yako ndiye aliyeanza."